Plasta kwenye Kamera ya Mama Yako

Nyumbani,
Chumba cha mbele, upande wa dirisha.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Na huyo mgeni wetu aliye tumboni, bado anakupiga mateke au ameanza kukuhurumia? Miguu imepungua kuvimba? Hilo la miguu lijibu sawasawa, usiseme tu "sijambo" kama kawaida yako. Sisi tu wazima. Goti langu hulalamika asubuhi, mchana hunyamaza.

Kwanza nikutue mzigo: mama yako hajakukasirikia. Najua umempigia simu za video wiki nzima bila kupokelewa, na kwenye simu ya kawaida anasema, "Tutaongea, mwanangu," halafu anakata. Mumeo aliniandikia kwamba unalia, unasema hutaki kujifungua ukiwa umekosana na mama yako. Futa machozi. Kilichomzuia ni kompyuta, nayo imepona. Ndiyo ninayoandikia barua pepe hii. Sasa kaa vizuri nikueleze tangu mwanzo. Kwenye barua ndipo mahali pekee ambapo hamwezi kunikatiza.

Mama yako alikuwa akitafuta mtandaoni kielelezo cha kushonea kofia ya mtoto mchanga. Akapata ukurasa wenye picha nzuri, ukamwuliza kama anaruhusu kisaidizi cha kupakulia vielelezo kiongezwe kwenye kivinjari. Akabofya "Ruhusu". Ukamwuliza kama uruhusiwe kumletea taarifa kila siku. Akaruhusu tena. Unamjua mwenyewe: mtu akipiga hodi kwa adabu, mama yako hawezi kumwacha mlangoni. Nilipomwuliza kwa nini alikubali yote hayo, alinishangaa mimi.

"Si waliomba vizuri, Kaka? Wangeingia bila kuuliza, hapo ningekataa."

Kesho yake alifungua ukurasa anaozungumzia na wewe, kivinjari kikampeleka kwingine kabisa. Skrini nyekundu, king'ora kinalia, na maandishi makubwa: kompyuta imeambukizwa, piga namba hii upesi kabla virusi havijawafikia wote unaowasiliana nao. Hapo kwenye "wote" ndipo aliposhtuka. Alichomoa waya ukutani, akabandika plasta ya kidonda juu ya kamera, akaifunika kompyuta kwa shuka. Ile namba hakuipiga, na namshukuru Mungu, maana upande wa pili walikuwa matapeli. Lakini hakumwambia mtu yeyote.

Tulijua juzi, mke wangu alipokwenda kuazima mkasi akakuta kitu kimefunikwa gubigubi juu ya meza ya cherehani.

"Wifi, na huyu ana homa?"

"Cheka tu. Mjukuu wangu akipatwa na hivyo vidudu, wewe utamjibu nini mama yake?"

Basi ndiyo hayo. Kisha akageuza maneno, akasema anaiogopea kompyuta yako ya kazini tu. Mke wangu alipombana, akakiri: alidhani vitapita kwenye video, vikufikie wewe, kisha vimfikie mtoto. Alikuwa anajinyima kuiona sura yako ili asikuambukize. Mimi sikucheka. Mke wangu alicheka kwa niaba yangu.

Jana asubuhi nikavuta kiti. Mama yako alisimama mlangoni, kitambaa puani, hataki kusogea. Nilimweleza, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu, kwamba virusi vya kompyuta ni maagizo tu yaliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya. Kompyuta huyatii, mwili wa binadamu hauyajui.

"Sawa, Kaka. Lakini ukimaliza unawe mikono."

Niliiwasha bila mtandao, nikatazama nyongeza za kivinjari. Kile kisaidizi kilikuwepo, kimetulia kama mpangaji halali. Chenyewe ndicho kilichokuwa kikimpotosha. Ni sawa na kupanda teksi uende hospitali, dereva akakupitisha dukani kwa rafiki yake kwa kuwa hulipwa kwa kila abiria anayemfikisha pale. Nikakiondoa. Nikafuta na zile ruhusa za taarifa, nikarudisha mipangilio ya kivinjari kama ilivyokuwa.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu mgeni wa aina hii huweza kuacha mzigo wake chumba cha pili. Kwa hiyo nilirudisha mtandao, nikaisasisha programu ya kuzuia virusi, nikaiamuru ikague kila kitu. Mstari wa kijani ukatambaa kama konokono. Faili moja likanaswa, lililoingia pamoja na kisaidizi. Nikalifuta. Nikakagua tena: hakuna tishio lililopatikana.

"Na kama limejificha?" mama yako akauliza.

Lilikuwa swali zuri, nikampongeza. Nikaanzisha ukaguzi ule unaofanyika kabla kompyuta haijaamka vizuri, wakati ambapo hakuna pa kujificha. Safi. Hapo akashusha kitambaa puani, akakaa kwenye kigoda chake cha kushonea, akavuta pumzi ndefu.

"Kwa hiyo mwanangu hana kitu?"

"Ana mtoto tu," nikamjibu. Akacheka mpaka akalia kidogo.

Maneno yake ya siri tumeyabadilisha kwa kutumia simu yangu. Nawe ukikuta ujumbe wa ajabu wa wiki iliyopita wenye jina lake, usiufungue. Kuhusu "Ruhusu", tumekubaliana kwamba mtandaoni hodi hujibiwa kwa kuuliza kwanza "Nani?" Amesema atajitahidi, ingawa anaona ni utovu wa adabu.

Kofia ameshamaliza kuishona. Kielelezo alikitoa kichwani mwake.

Wasalimie mumeo na mama mkwe wako. Mke wangu anakusalimu, na binamu yako fundi bomba anauliza kama mtoto atapewa jina lake. Mwambie hapana kwa upole. Mungu akujalie ujifungue salama, mikono ya mkunga iwe myepesi, na kilio cha kwanza tukisikie hadi huku.

Mpigie mama yako leo jioni. Ameshavaa gauni la kutokea, na sasa hivi ni saa nne asubuhi. Plasta ameibandua mwenyewe, lakini imeacha gundi kwenye kamera. Nilitaka kuifuta kwa spiriti, akanipiga mkono, hataki niiguse kamera tena. Basi ukimwona ana ukungu usoni, usiogope wala usibofye chochote. Ni mama yako tu, amerudi.

Wako akupendaye, ambaye bado ana mengi ya kukueleza,

Mjomba Maelezo