Mbu Wamepanda Mpaka Makete

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na ule ukuta wa jikoni ulioangushwa na mvua, Yohana ameshaujenga au bado anasema kesho? Sisi huku tu wazima, tena tuna furaha, ila baridi haijatuzoea. Ningekupigia simu, lakini habari hii nikiisema kwa simu salio litakata kabla mama mkwe hajapona. Basi mwambie kaka Yohana aegeshe pikipiki yake akusomee yote, asiruke hata neno.

Siku naondoka Gungu ulinifungashia dumu la mawese, dagaa, na chandarua kipya. Mawese na dagaa havikumaliza mwezi, maana mume wangu Tumaini akikaa mezani hajui aibu. Chandarua ndicho kilicholeta maneno. Nilipokitundika, mama mkwe alisimama mlangoni akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Mke wa Tumaini, mnavua samaki kitandani?"

Nikamwambia, "Ni cha mbu, mama."

"Mbu gani? Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Mbu akianza safari ya kuja huku, baridi inamuua njiani."

Wiki iliyofuata nilitoka kuchuma pareto nikakuta kitanda kitupu. Chandarua kilikuwa bustanini kimefunika miche ya kabichi, kuku wasiidonoe. Nilichota maji nikaimwagilia ile miche. Ningesema nini, mgeni mimi?

Lakini huku nako kumebadilika. Wazee wanasema zamani, mwezi wa sita na wa saba, maji ya kwenye beseni yaliganda na viazi viliungua kwa barafu. Siku hizi inapita miaka bila kuyaona hayo. Mwaka huu mvua ilipopungua likaja joto. Joto la kwao, mama, wewe ungejifunika kitenge. Nyuma ya nyumba kuna mashimo ya kufyatulia matofali, yote yalikuwa yamejaa maji. Jioni moja nachambua njegere uani nikasikia ile sauti sikioni. Nikapiga kofi, nikaona damu kiganjani. Nikamwonyesha mama mkwe.

"Kadudu tu," akasema, akaendelea na njegere zake.

Wiki chache baadaye akaanguka yeye. Akatetemeka karibu na moto, mablanketi matatu juu yake, kisha jasho likamtoka kama kamwagiwa maji. Kesho yake akaamka akashika jembe. Siku ya pili yake akaanguka tena. Majirani wakaleta tangawizi na kuni, wakasema baridi imemwingia kifuani. Mimi nikakaa naye. Nikaona macho yamekuwa manjano, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekwishakufa. Nikakumbuka mdogo wangu Furaha alivyoita watu wasiokuwepo, na wewe ukamkimbiza hospitali bila hata kuvaa viatu.

"Hii ni malaria," nikamwambia Tumaini.

"Malaria? Mama hajawahi kufika hata Njombe mjini!"

"Hakuifuata yeye. Imemfuata."

Tukampakia kwenye pikipiki ya jirani, Tumaini akamshikilia nyuma, mimi nikawafuata kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Nilipofika kituo cha afya nilimkuta muuguzi ameshaandika homa ya mapafu. Aliuliza kama mgonjwa amesafiri, akaambiwa hapana, basi kipimo cha malaria akakiacha ndani ya boksi. Mama, unanijua, sijui kubishana na wakubwa. Siku ile niliishika meza yake kwa mikono miwili.

"Dada, mimi natoka Kigoma. Ugonjwa huu nimekua nao. Naomba umchome kidole tu. Nikikosea, nicheke."

Alinitazama. Tumaini naye alinitazama. Muuguzi akafungua boksi. Tukangoja. Mistari miwili, malaria ipo.

Akapima mara ya pili. Miwili tena.

"Kumbe," akasema taratibu, akainuka kwenda kuandaa sindano.

Mama mkwe alilazwa siku tatu. Siku ya tatu alionja uji wangu akasema hauna sukari na umeungua. Nilitoka nje nikalia kwa furaha, maana huyo ndiye mama mkwe ninayemjua!

Watu wa afya walikuja kijijini wakapima, wakapata na wengine ambao hawajasafiri popote. Jumapili, baada ya ibada, mama mkwe aliomba ruhusa ya kusema. Akasimama mbele, bado amekonda.

"Nilimcheka mkwe wangu. Yeye hakunicheka. Sasa, nani ana shimo lenye maji kwake?"

Watu wakatazamana. Kisha mikono ikaanza kunyooka mmoja mmoja. Jumatatu tulitoka wanawake kwa wanaume na majembe, tukafukia mashimo huku tunaimba. Viazi vilichemshwa sufuria kubwa tatu. Vyandarua vilipoletwa, mama mkwe alinisukuma mbele nifundishe kutundika. Kwa woga nikajikuta nawasalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" Wakaangua kicheko, wakaitikia wote kwa pamoja, "Mwakeyeee!" Mpaka leo njiani hawanisalimu salamu nyingine.

Nisalimie kaka Yohana na wifi yangu, yule mwenye mkono mzuri wa kupika migebuka. Shangazi wa Mwandiga, mwambie mbegu zake za bamia zimekataa kuota huku. Babu kule Simbo mpe shikamoo yangu, umwambie kwa sauti, najua sikio halijapona.

Mama mkwe amekaa hapa pembeni, ananiamuru niandike hivi: "Mwambie mzazi mwenzangu, barua haitoshi kushukuru. Tukivuna viazi nakuja mwenyewe." Hatanii, mama, nauli ameshaulizia mpaka Mbeya, Sumbawanga na Mpanda. Ameniuliza kama Kigoma kuna baridi. Nimemjibu kwamba kabla hajafika kwenu atakuwa ameshavua sweta. Anasema hajavua sweta mbele za watu tangu aolewe, na hawezi kuanzia kwa wakwe.

Basi mwandalie kiti panapopita upepo wa ziwa, na maji mengi ya kunywa.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka kila siku,
Adela