Namba Mia na Tano

Bomani, 3 Machi 1944

Mjomba Urbano,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kifua cha Mama kinaendeleaje?

Bwana Shauri anataka manamba tisa kutoka kijijini kwetu, waende Tanga kukata mkonge. Aliniambia, "Karani, chagua wewe, na nisisikie upendeleo." Niliogopa majina, nikashika namba za daftari la kodi, moja mpaka 130. Nimechukua kila namba iliyo zao la namba tasa tatu tofauti, kama ulivyotufundisha: 30 ni mbili mara tatu mara tano. Nimepata 30, 42, 66, 70, 78, 102, 110, 114 na 130. Tisa kamili. Karatasi nimeshaipeleka. Niambie kama nimetenda haki, kisha uchome barua hii.

Mpwa wako,
Antipasi

Nyumbani, 9 Machi 1944

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako amepona, yuko shambani.

Nimehesabu mara tatu. Umeruka 105: tatu mara tano mara saba. Ingekuwamo, tisa zingetimia kwenye 114, na 130 asingeguswa. Huyo 130 ni Alute, aliyefiwa na mke juzi, ana watoto wanne. Na 105 unamjua. Ni Laurenti, mdogo wako.

Jumbe ameshasoma majina. Alute aliniambia mbele ya watu, "Mwalimu, kalamu ya mpwa wako inajua kuruka nyumba." Je, ulijua?

Mjomba wako,
Urbano

Bomani, 13 Machi 1944

Mjomba,

Shikamoo. Afya ninayo, amani sina.

Haki ya Mungu sikujua. Namba zote za mwanzo zilikuwa shufwa, nikaendelea na shufwa tu, witiri sikuzigusa. Lakini nani ataniamini? Mara mbili nimefika mlangoni kwa Bwana Shauri, mara mbili nikajifanya nimefuata wino. Lori linakuja Jumamosi. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Antipasi

Bomani, 17 Machi 1944

Mjomba,

Shikamoo. Jibu lako sijalipata, nami sikuweza kungoja zaidi.

Leo nimeingia, nikasema. Bwana Shauri alichukua kalamu. Akamfuta Alute, akaandika Laurenti, akasema, "Kesho utapanda lori, ukasome orodha mwenyewe kijijini kwenu."

Tarishi anakuletea barua hii kwa baiskeli. Laurenti akikimbia, watamrudia Alute.

Nilikuwa nimeandika hapa, "Tafadhali mwambie Mama kabla sijafika." Nimeikata sentensi hiyo. Usimwambie. Atasikia kwangu.

Mpwa wako,
Antipasi