Nakala Ishirini za Mwandiko Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kanuni mpya ya serikali imefika kwenye kambi yetu ya mafundi wa umeme. Nimeisoma mara mbili. Inahimiza teknolojia ya kisasa kwenye laini kubwa za umeme: nyaya nyepesi, zinabeba umeme maradufu, minara ile ile. Hakuna nyumba kuvunjwa. Hatimaye wameandika kitu chenye akili! Printa imekufa, kwa hiyo msimamizi kaniambia mimi karani wake niandike tangazo la wakazi kwa mkono. Nakala ishirini kwa makapeni, vidole vimekufa ganzi. Mdogo wangu, fundi wa laini, kapita akacheka eti herufi zangu nene kama mimi mwenyewe. Mshenzi.

Jumatano, 5 Machi
Tumepigwa mawe na wakazi wa hapa. Nyaya hazijavutwa hata mita kumi. Dereva kapasuliwa paji la uso, damu imemjaa machoni, analia akimwita mama yake. Wanapiga kelele kwamba tumekuja kubomoa. Nani kawaambia? Miaka sita iliyopita walibomolewa kweli—tingatinga lilipita vitanda vikiwa ndani. Lakini safari hii sivyo! Nimewalaani njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandua tangazo moja ukutani. Nikalisoma upya.

Nilitakiwa kuandika "kupanua uwezo wa laini." Nimeandika "kupanua laini." Yale maneno mawili hayakuenea kwenye mstari, nikayaacha. Nakala zote ishirini. Na kwa watu wa hapa, kupanua laini ni kitu kimoja tu: alama nyekundu mlangoni, halafu tingatinga.

Nilimwonyesha mdogo wangu. Hakucheka. Alisema nimwambie msimamizi leo leo. Nikasema kesho. Niliogopa kibarua kuota nyasi.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi. Nimejifungia stoo. Wamekuja na mapanga na mitaimbo. Gari linaungua uani. Msimamizi kapigwa nondo ya kichwa, hainuki.

Mdogo wangu alikuwa juu ya mnara. Wakaanza kufungua nati za miguuni, wakamwambia ashuke au aanguke na mnara. Kashuka. Namwona kupitia tundu la bati—kapiga magoti, shati limelowa damu, sikio moja silioni.

Mama mmoja ameshika tangazo langu. Wanasema mwanawe alifia kwenye ule ubomoaji. Anauliza taratibu kabisa nani aliandika hii.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Mimi," kasema mdogo wangu.

Mama yule kampa makapeni na kipande cha boksi. Aandike tena, waone.

Mungu wangu. Mwandiko wa mdogo wangu tangu shuleni ni wa kuku. Anaandika polepole, kila herufi anairudia ili inenepe. Kamaliza.

Mama kaweka boksi kando ya tangazo. Anaangalia huku, anaangalia kule. Anatikisa kichwa. Mwenye panga kasogea.

Mkono wangu wa kushoto unafungua komeo la stoo, na