Chakula Ulichokuwa Ukimfungia Kendi

Mama Kendi,

Sijui kama ungependa kusikia kutoka kwa mama mkwe wako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoongea, wewe ukikataa Kimeru changu na mimi nikijifanya sisikii Kiembu chako.

Tangu tukuzike sijarudi shambani Githongo. Kahawa nimemwachia jirani. Nimehamia hapa mtaa wa Dallas, huku kwenu kwa Waembu, nyumbani kwako, kwa sababu mwanangu Mutwiri anatoka kazini giza limeshaingia na mtoto hawezi kujilea. Nalala chumba kimoja na Kendi. Jikoni kwako sijabadilisha kitu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikucheka nikija kuwatembelea? Unaamka saa kumi na moja, unachemsha ndengu, unakata karoti nyembamba, unamenya yai, unamfungia mtoto wa miaka sita chakula cha shule kama mtu anayeenda safari ya mbali. Nikakuambia, "Sisi tulilea watoto kwa githeri tupu, mahindi na maharagwe, na wakasoma." Ukanijibu pole pole, "Mama, hata githeri nitamwekea, lakini na mboga pia." Hukuwahi kunipandishia sauti. Hilo ndilo linaloniuma.

Na ulikuwa tayari mgonjwa. Ulimfungia mtoto chakula ambacho wewe mwenyewe hukuweza kumeza. Mimi nikasema unaringa, unataka kukonda kama wasichana wa mjini. Mungu anisamehe.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata Mutwiri. Watu walipokuja kutupa pole, nilikaa na akina mama wa kanisa nikasema, "Hayo majani na makaroti ndiyo yalimmaliza." Daktari alikuwa ameshatueleza ni saratani ya tumbo. Nilijua. Nilisema tu. Uchungu ulikuwa unatafuta wa kulaumiwa, nikakulaumu wewe uliyelala kwa sanduku. Na Kendi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Shule ilipofunguliwa nilianza kumfungia vile ulivyokuwa ukifanya. Ndengu, karoti, yai, kipande cha nduma. Mkebe ukawa unarudi mtupu, mweupe kabisa, nikajisifu moyoni. Jioni alikuwa anagusa tu chakula, asubuhi chai na basi. Nikadhani ni huzuni.

Wiki ya tatu mwalimu akanipigia simu. Kendi ameanguka kwenye paredi ya asubuhi. Nilikimbia na malapa, Mama Kendi, nikamkuta amelazwa kwa benchi, mikono baridi. Mwalimu alikuwa ameanza kumshuku, akanipeleka nyuma ya vyoo. Chakula chote kilikuwa pale, kimefukiwa na udongo, cha jana juu ya cha juzi, siafu wamejaa. Kendi alikuwa anachimba na kijiko chake.

Nikarudi kwenye benchi nikamuuliza Kendi kwa nini. Akaniangalia mimi nyanya yake kwa yale macho yako.

"Shosho, wewe ulisema hii chakula ndiyo ilimaliza mama."

Mwalimu alisikia. Niliona aibu, lakini nilipiga magoti pale pale nikamwambia, "Shosho alidanganya." Nikamweleza kulikuwa na ugonjwa tumboni mwako, kwamba chakula hakina makosa, na kwamba ulimfungia kwa sababu ulitaka akue. Akauliza, "Kwa nini ulidanganya?"

Nikambeba mpaka nyumbani.

Nisikudanganye na wewe kwamba mambo yamekuwa mazuri. Amekonda. Daktari anataka kumwona tena. Kila asubuhi, kabla sijafunika mkebe, Kendi anasimama karibu na meza na kuniambia nionje. Ndengu kijiko kimoja. Karoti. Kipande cha yai. Kisha anangoja. Ananitazama usoni bila kupepesa, anataka kuona kama nitaanguka. Nikibaki nimesimama, anachukua begi. Juzi mwalimu alisema amekula nusu.

Leo Mutwiri akirudi nitamweleza yote. Jumapili nitasimama mbele ya wale akina mama, Kendi akiwepo, niseme kwamba nilikusingizia. Wataniona vile watakavyoniona. Na nitaonja kila asubuhi, hata ikiwa ni mwaka mzima, mpaka siku mtoto wako mwenyewe ataniambia, shosho, inatosha.

Pumzika, mama. Sikuwahi kukuita hivyo ukiwa hai.

Ni mimi niliyekukosea,
Mama Mutwiri