Shingo ya Baba Ilikuwa Baridi

Chumba cha nyuma ya duka la Baba la kunyolea,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Naambiwa umechoka, chakula hakipiti, na hata kibarazani hukai tena. Roho imenishtuka, ndiyo maana naandika kabla hata sijanawa uso. Sisi huku tunapumua tu. Uzima tunao, furaha hatuna. Mwanangu amepona kabisa na ameshaanza kunivunjia vikombe kama kawaida yake.

Simu zangu hupokei tangu tulipomzika Baba. Ulisema tumemwacha kaka yako afe kama hana watu, na neno hilo linanichoma mpaka leo. Basi nisome tu, hasira ziweke pembeni kidogo.

Unajua kwetu hakuna aliyewahi kununua kipimajoto. Kipimo chetu kilikuwa kiganja cha Baba. Mteja akikaa kitini, kabla mashine haijagusa kichwa, Baba anampapasa shingo kwa nyuma. Akiikuta ya moto anamvua kitambaa na kumfukuza: "Nenda hospitali, mimi sinyoi kichwa kinachowaka!" Na alikuwa hakosei. Mtaa mzima ulimwita Daktari wa Shingo.

Mafua haya mabaya yalipoingia yalianza na mwanangu, yakanirukia mimi. Tuliwaka moto sote wawili. Baba ndiye aliyetuuguza, akatukanda kwa maji, akatupikia uji huku akinitania kwamba nalia kuliko mtoto. Sisi tukaamka. Yeye akawa hana hamu ya kula, anasinzia ovyo kwenye kiti cha wateja. Nikamshika shingo: baridi. Akajishika mwenyewe, akacheka: "Mimi chuma, bwana!" Tukamshukuru Mungu.

Kesho yake akamnyoa mwalimu wa shule ya jirani upande mmoja tu wa kichwa, akampangusa, akamwambia tayari. Tukadhani ni utani. Dukani watu walicheka mpaka machozi, Shangazi, na mimi nikiwemo. Yeye akasimama katikati yetu na mashine mkononi, anatutazama, haelewi tunacheka nini. Macho yale hayanitoki. Jioni hiyo alianguka akifagia nywele, pumzi hana, midomo imebadilika rangi.

Daktari aliyempokea hospitalini, mama mmoja mpole, alinikalisha kwenye benchi la korido Baba alipokwisha kututoka. Nilimuuliza kwa hasira: ugonjwa ni uleule, mbona mtoto mwenye homa kapona, na mzee asiye na homa kafa? Akanieleza taratibu. Kumbe joto lile ni mwili wenyewe unapigana. Mwilini kuna chembe za kinga, na zile zinazojifunza kutambua virusi vigeni hupungua kadiri umri unavyokwenda. Kwa mtoto ziliamka mara moja, ndiyo moto ule. Kwa Baba zilichelewa, virusi vikajaa mapafuni kimyakimya. Na zilipoamka zilikuja kwa fujo, zikayavimbisha mapafu yaleyale ambayo zilikuja kuyaokoa. Akasema wazee wengi hawapati joto hata wakizidiwa. Dalili yao ni uchovu, kukataa chakula, kuanguka, kuchanganyikiwa. Nikakumbuka kichwa cha mwalimu, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Hatukumwacha, Shangazi. Tulimshika ile shingo, tukaikuta baridi, tukalala tumetulia.

Sasa sikia. Jirani yako, fundi cherehani, kanipigia jana. Anasema amekusihi mwende hospitali ukamjibu: "Siendi, shingo yangu baridi, kaka alinifundisha kupima." Wewe na Baba mmefuatana kuzaliwa, na chakula kimekukataa kama kilivyomkataa yeye. Hiyo baridi ndiyo inayonitisha.

Sikuombi unisamehe. Nitukane, ninunie, ukitaka usiniite tena mtoto wako. Lakini fanya hayo yote ukiwa hai, nakupigia magoti. Sina shangazi mwingine, na kumzika mtu wa pili kwa kosa lilelile sitaweza.

Ningekuja mwenyewe, ila bado nikitembea hadi barabarani pumzi inakata. Barua nampa dereva wa basi, yule mteja wa Baba, akukabidhi mkononi.

Mama anakusalimu. Nisalimie fundi cherehani, mwambie namshukuru kwa kukung'ang'ania. Mungu akulinde, akurudishie nguvu, atukutanishe tukiwa tumekaa, siyo mmoja wetu amelala.

Nimemwomba dereva asiondoke mlangoni kwako mpaka uwe umevaa viatu. Basi lake linapita mbele ya hospitali. Abiria wanakungoja, Shangazi.

Mwanao akupendaye hata ukimnunia,
Binti wa kaka yako.