Alama za Mkaa Kwenye Mashua Yako

Baba,

Mashua yako bado iko hapa uani Bwera, juu ya magogo, katikati ya mibuni, na majirani bado wanauliza ziwa litapanda lini huku juu. Ulikuwa unawajibu wewe, ukicheka mpaka kikohozi kinakukamata. Mimi nawapungia mkono, napita.

Tangu tukuzike sijaigusa habari ya ile Jumamosi. Leo niiseme. Miguu yako ilikuwa imekataa kushuka ziwani, wewe uliyeunda mashua maisha yako yote kabla ya kukimbia vita Kongo. Ulitaka jambo moja tu, usafiri kwa tanga mara moja kabla hujaondoka. Jumamosi ile ukanituma mimi ziwani kununua mashua. "Masika, rangi usiangalie. Kwanza mwaga maji mu ndani, ikiwa ku inchi kavu, uone fasi maji inatokea. Na mbao, dunga na kisu, uone kama imeoza."

Nilikuwa na haraka ya kurudi kazini Kasese. Kisu kilibaki mkobani. Niliona rangi ya buluu, nikaona tanga jipya, nikakubali.

Lori lilipoishusha hapa uani ili uikague, ulibonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba, kikazama. Nilingoja unigombeze. Ukasema tu, "Iko muzuri, mutoto yangu. Iko na tanga." Afadhali ungenichapa.

Miezi minne iliyokubakia uliimaliza umeinama mle ndani, ukibadilisha mbao ambazo mimi nilipaswa kuzikataa. Hiyo ndiyo inayoniuma, Baba. Miezi ile ilikuwa ya kukaa majini.

Jana, mwishowe, nilifanya ulichoniagiza. Nilimwaga madumu kumi na mawili ya maji ndani, nikalala chali chini yake kuangalia. Nikakuta alama zako za mkaa. Kila palipovuja ulipazungushia, kisha ukapaziba kwa pamba na lami. Zilibaki tatu hazijazibwa karibu na mkuku, uti wa chini wa mashua, pale mgongo wako haukukuruhusu kulala muda wa kuziba. Maji yalitoka hapo tu.

Nimeziziba leo, kwa mikono yangu ya karani, na lami imeniingia hadi kwenye nywele. Nimejaza maji tena. Hayajatoka.

Pumzika, Baba. Jumamosi lori linaishusha ziwani. Mvuvi mmoja atashika tanga. Mimi nitakaa nyuma, mahali pako, nimevaa koti lako, na mkononi nina kopo la kuchotea maji, ikiwa nimekosea tena.

Masika wako