Susu wa Redioni Hakuwa Mimi

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu ni mazito na baridi ni ya kujifunga leso mbili, lakini mvua hakuna.

Ndugu yangu Kyalo,

Shajara yangu huwa naiandika kwa macho yangu peke yangu. Leo nimeandika tarehe na hali ya hewa kama kawaida, kisha nikaona sina jingine la kuandika isipokuwa wewe. Na kwa kuwa ulilonitendea ulilitenda hewani, watu wakisikia, nami nakuandikia barua ambayo yeyote anaweza kuisoma.

Unamkumbuka Susu, nyanya yetu? Alikuita mume wake tangu ulipokuwa ukitambaa. "Mume gani huyu?" aliwauliza wageni. "Nimemlisha mpaka akaota meno, na hata kuni hajui kupasua!" Kwetu Ukambani ndivyo ilivyo. Nyanya humtania mjukuu akimwita mume, na mjukuu anayekasirika hujiaibisha mwenyewe. Wewe hukukasirika hata siku moja. Ulichukua shoka ukamjibu, "Ngoja nikue, mke wangu, nitakununulia trekta," naye akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

Utani huo ndio tulioupeleka redioni. Wakati ule nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo dukani Kitui mjini, nawe ulikuwa umepewa kipindi cha Ijumaa asubuhi, nusu vichekesho, nusu mjadala wa mambo ya wiki. Viongozi walikuja, wakacheka vichekesho vyako, na swali lilipofika wakalikwepa. Mimi nilikaa pembeni na magazeti, nikikuandikia maswali. Siku moja mgeni alikujibu kwa dharau, "Kijana, hayo ya maji kamuulize mhandisi." Ukaanza kupekua karatasi zangu. Nikausogelea mdomo wa maikrofoni yako, nikasema kwa sauti ya Susu:

"Mume wangu, kwani ni mhandisi aliyekuja kuniomba kura?"

Studio nzima iliangua kicheko. Mgeni naye alicheka, angefanya nini? Na kabla hajamaliza kucheka alikuwa amekwisha kujibu. Hawezi mtu wa kwetu kumnunia nyanya mbele ya wasikilizaji.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi jioni tulikaa kwenye chumba chako, chai ikipoa, tukipanga. Wewe ulijifanya waziri, ukavimbisha mashavu. Mimi nikakuuliza bei ya mbolea mpaka waziri akaomba maji. Ulikuwa ukisema, "Dada, utani ni mlango tu. Anayeingia ni swali." Niliyaandika maneno hayo kwa sababu niliyaona ya kweli. Watu waliyaona pia. Huko Zombe, soko la karibu na kijiji chetu, wenye maduka waliongeza sauti Susu alipoanza kukohoa, na kina mama wakanitumia maswali kupitia kwa Mama. Walimwamini Susu, na walijua Susu ni nani.

Kisha likaja la mawe. Hukuwa mbali nalo, Kyalo. Kina mama wa kijiji chetu walifanya mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, wakajenga ukuta katikati ya mto mkavu ili mchanga ukusanyike nyuma yake na ushike maji. Walibeba mawe kutoka mlimani, kwa kichwa na kwa mgongo. Mama alianguka na jiwe lake na mgongo wake haujanyooka tena. Ulikuja. Ulimkanda kwa maji moto huku akikukemea kwamba unamchoma. Nami nilipoamua kuacha kazi nije kumtunza, ulinisindikiza ukaniambia, "Nenda, dada. Kiti cha Susu hakuna atakayekikalia. Kitabaki wazi mpaka urudi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na amani. Nilikuamini kama ninavyoamini kwamba baada ya Alhamisi ni Ijumaa.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilikuwa sokoni Zombe nikiuza ndengu. Redio ya duka la jirani ilikuwa wazi. Nikasikia kikohozi cha Susu, halafu sauti ya msichana anayejilazimisha kuzeeka:

"Niacheni niringe! Mume wangu mheshimiwa amenijengea ukuta mtoni. Hao kina mama wanaosema walibeba mawe, labda walibeba ya kufukuzia ndege!"

Nikakusikia ukicheka kile kicheko chako cha kupiga meza. Ukasema, "Susu, wengine hata wamelala wakijifanya wanaumwa mgongo!"

Wengine. Ulimsema mama yako, Kyalo.

Mwenye duka alinitazama. "Susu, leo umetumaliza."

"Si mimi," nikamwambia. "Mimi si niko hapa?"

"Aah, hivi vipindi si hurekodiwa jana yake?" Akageuka kuhudumia mteja.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekaa nje, jirani zake wameondoka mapema. Aliniuliza swali moja. "Ndinda, walikupa nini?" Nilijieleza, nikaapa, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Sauti ile ilikuwa yangu kwa watu wote, na wewe ndiwe uliyewaambia bado ni ile ile. Jumapili kanisani benchi niliyokaa ilibaki na nafasi pande zote mbili. Wanawake niliowabebea maswali yao walinisalimia kwa ncha za vidole. Sijui kama umewahi kusalimiwa hivyo na watu waliokulea.

Nilikupigia mara nyingi wiki hii. Hukushika. Ulinitumia ujumbe mmoja tu: "Dada ni kazi tu, usichukulie moyoni. Mheshimiwa ndiye anadhamini kipindi siku hizi."

Jana asubuhi nilimketisha Mama kando ya redio, nikasubiri mpaka mheshimiwa mwenyewe, kiongozi wetu tuliyempigia kura, alipoingia studioni, nikapiga simu ya wasikilizaji. Binti aliyepokea aliniuliza jina. Nikasema, "Mwambie ni Susu, yule mwingine." Akacheka, akaniunganisha.

"Mume wangu," nilisema, "nasikia umeoa mke wa pili na hata chai ya harusi sikuonja."

Mheshimiwa alicheka. Ilimbidi. "Susu! Wewe ndiye mkubwa, huyu ni mdogo tu!"

"Basi mkubwa akuulize. Ukuta wetu ulipojengwa, wewe ulibeba jiwe lipi?"

"Aaa, Susu, mimi kama kiongozi, unajua, kuna mipango..."

"Mipango haibebwi kwa mgongo, mume wangu. Nitajie mwanamke mmoja tu uliyemkuta pale mtoni. Ukishindwa nitakutajia mimi yule aliyeumia."

Nikasikia kiti kikisogezwa studioni. Hata yule Susu wako mpya hakukohoa. Nilisubiri, nikijua swali limekwisha kuingia ndani, na kwamba wewe uliyenifundisha kusubiri hapo ungeniachia nafasi.

Ukasema, "Wasikilizaji, mtandao wa Zombe leo unasumbua." Simu ikakatika.

Mtandao haukusumbua. Ulinijua tangu neno la kwanza, na ulijua ni jina la nani lililokuwa linakuja.

Mama alinishika mkono. "Kumbe si wewe," alisema. Alasiri kina mama walikuja na mihogo na aibu yao. Mmoja alisema, "Huyo mke mwenza wako hata kukohoa hajui, anakohoa kama mbuzi!" Tukacheka mpaka Mama akaomba tuache kwa ajili ya mgongo. Jina langu nimerudishiwa, Kyalo. Kwa hilo sina deni na mtu.

Lakini nimekaa na furaha hiyo tangu jana na haishuki kooni. Ningekusamehe kutafuta mkate. Najua kipindi hakijiendeshi kwa kicheko. Ungeweza kumsifu mheshimiwa kwa mdomo wako mwenyewe, watu wakapima. Ulichukua mdomo wa nyanya, kwa sababu ulijua hapo ndipo watu wetu hawapimi.

Nilikuwa nimefika hapa mchana simu ya Mama ilipolia. Ilikuwa mezani kati yetu, jina lako likiwaka. Aliiangalia ikilia mpaka karibu na mwisho, kisha akanisukumia. "Mwambie nimeenda shambani," alisema.

Alikuwa amekaa pale pale, Kyalo, na fimbo yake magotini. Mama huyu aliyetupiga kwa kusema tumenawa kabla hatujanawa. Sijawahi kumsikia akidanganya, na leo amedanganya ili asisikie sauti yako. Nilikuambia ameenda shambani. Ukasema, "Sawa, nitampigia jioni." Jioni hukupiga, naye aliiweka simu karibu naye mpaka alipoingia kulala.

Kaa salama huko uliko. Njia ya nyumbani unaijua, na ukija, usije na maikrofoni.

Ni mimi, dada yako mkubwa.

Nalala sasa, saa tano kasorobo usiku.